Kijana akishika kifua uwanjani, mzazi uliza ilikuwa wakati gani

Fikiria Jumamosi jioni pale Msowero, wilayani Kilosa. Jua limeanza kulegea, uwanja wa shule umezungukwa na watu, na mbuzi wa zawadi amefungwa chini ya mti anakula majani bila habari. Kipindi cha kwanza hakijaisha. Winga wa kulia, kijana wa miaka 18, anakimbiza mpira mrefu, kisha anasimama ghafla. Anainama, mkono mmoja gotini, mwingine kifuani.

"Pumzi imekata huyo, mtoeni!" wanapiga kelele watazamaji.

Anakaa nje dakika tano, anajimwagia maji kichwani, anarudi uwanjani. Usiku mama yake anamkuta amelala mapema kuliko kawaida.

"Una nini leo, baba?"

"Hamna kitu, mama. Kifua tu kilibana kidogo wakati nakimbia."

"Kikaacha?"

"Nilivyopumzika kikaacha."

"Basi. Umekula ugali ukakimbilia mpira, ndiyo maana."

Mazungumzo ya aina hii hufanyika katika nyumba nyingi, na mara nyingi huishia hapo hapo. Ni haki kusema pia kwamba mara nyingi mama huwa hajakosea sana. Kwa watoto na vijana, maumivu mengi ya kifua hayatoki kwenye moyo. Hutoka kwenye misuli, mbavu, mapafu, tumbo, au hata kwenye hofu. Mzazi hana sababu ya kukesha kila kijana anapojishika kifua.

Lakini katika maneno ya kijana huyu kuna mawili ambayo daktari angeyasikia tofauti na mama alivyoyasikia. La kwanza ni "wakati nakimbia". La pili ni "nilivyopumzika kikaacha". Mama amefarijika kwa sababu maumivu yaliisha alipopumzika. Daktari, kwa sababu hiyo hiyo, angemwambia asicheze tena mpaka apimwe.

Kwa nini wakati ni muhimu kuliko ukali

Moyo ni msuli, nao unahitaji damu yake wenyewe. Huipata kupitia mishipa midogo iliyouzunguka kwa nje. Mtu akiwa amekaa kibarazani, moyo unafanya kazi kidogo na damu hiyo inatosha hata kama kuna kasoro mahali. Akianza kukimbia, kazi ya moyo inaongezeka mara kadhaa. Kasoro iliyokuwa imelala ndiyo inapoonekana sasa: msuli wa moyo ulionenepa kupita kiasi, mshipa wa moyo uliopita njia isiyo yake tangu kuzaliwa, au mlango wa moyo uliosinyaa. Damu haitoshi, kifua kinabana. Akisimama mahitaji yanashuka, na maumivu yanaondoka.

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe "inauma sana?" Vijana hawajui kupima maumivu, na wengi watasema haiumi sana ili waruhusiwe kucheza. Swali liwe, "Ilianza wakati gani?" Ilianza katikati ya mbio, ulipokuwa umefikia kasi yako yote? Au ilianza umeshakaa? Au ilikuwepo tangu asubuhi ulipoamka?

Majibu mengine hutuliza. Maumivu ambayo kijana anaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, na ukibonyeza pale pale anaruka, kwa kawaida ni ya mbavu au misuli. Mtu aliyebeba magunia ya mpunga wiki nzima atayapata bila hata kuugusa mpira. Kuna pia ile inayochoma kama sindano upande wa kushoto, ghafla, mtu akiwa amekaa tu. Akivuta pumzi ndefu inachoma zaidi, na ndani ya sekunde au dakika chache imekwisha. Inatisha, lakini haina madhara, na vijana wengi huiacha nyuma wanapokua. Kiungulia nacho hupanda kifuani, hasa kwa aliyekula akashiba kisha akaenda mazoezini. Hapo maelezo ya ugali yana ukweli wake.

Pumu inastahili kutazamwa zaidi kidogo, kwa sababu hufichika. Wapo vijana ambao hawajawahi kuitwa wagonjwa wa pumu, lakini wakikimbia kwenye vumbi kifua kinabana na wanakohoa. Mara nyingi hali hiyo huzidi dakika chache baada ya kusimama, si katikati ya mbio, na inaweza kuambatana na mlio kama filimbi na kikohozi cha usiku. Hii ina dawa za kuvuta zinazofanya kazi vizuri, na kijana akitibiwa anaweza kurudi uwanjani. Kumwita mvivu hakusaidii.

Kisha kuna damu. Katika maeneo yenye malaria na minyoo, kijana anaweza kuwa na upungufu wa damu bila kujua. Moyo wake unakwenda mbio kufidia, anachoka mapema, anahema. Kipimo cha wingi wa damu ni rahisi na ndicho cha kuanzia. Mwenye selimundu ana hesabu nyingine kabisa: akipata maumivu ya kifua pamoja na homa au kuhema, ni dharura ya siku hiyo hiyo, awe alikuwa anacheza au amelala.

Dalili zisizosubiri Jumatatu

Kifua kinachobana katikati ya mazoezi kinatosha kumsimamisha kijana. Vikiongezeka vitu vingine, haraka inaongezeka pia. Kikubwa kuliko vyote ni kuzimia. Watoto wengi huzimia wakiwa wamesimama mstarini juani, au wakiona damu, na mara nyingi si jambo kubwa. Kuzimia wakati anakimbia ni habari nyingine. Anayeanguka katikati ya mbio, bila kugongwa na mtu, bila kujikwaa, kisha akaamka baada ya muda mfupi akidai yuko sawa, asirudishwe uwanjani hata kama ni fainali na timu imebaki na watu 10.

Nyingine ni mapigo ya moyo yanayoanza kwenda mbio ghafla bila sababu, na pumzi inayokata mapema kuliko ya wenzake wa umri ule ule. Kijana ambaye mwaka jana alimaliza dakika 90 na mwaka huu hamalizi 20 hajawa mvivu kwa mwaka mmoja.

Kuna jambo moja ambalo daktari hawezi kulijua, kijana naye halijui, ila mzazi: nani katika ukoo alifariki ghafla akiwa bado kijana? Ugonjwa wa kunenepa kwa msuli wa moyo hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500, na kwa kawaida hurithiwa. Mzazi mwenye nao ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kumpa kila mtoto anayemzaa. Wengi huishi nao miaka mingi bila shida. Wachache huanguka.

Tatizo ni kwamba katika familia nyingi vifo vya namna hiyo vilishapewa maelezo mengine. Mjomba aliyeanguka shambani akiwa na miaka 30, watu walisema amerogwa, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kulizungumza. Shangazi aliyekufa maji ilhali alijua kuogelea. Binamu aliyekuwa "na kifafa" kilichompata tu akikimbia. Kila ukoo una imani yake na hakuna haja ya kubishana juu ya kaburi. Lakini zahanati, mbele ya tabibu, mzazi aseme tu kilichotokea: alikuwa na umri gani, alikuwa anafanya nini, aliangukaje. Maneno hayo matatu yana thamani kuliko vipimo kadhaa.

Waliowahi kuanguka

Wapenzi wa mpira wa umri mkubwa wanaikumbuka Juni 26, 2003. Kiungo wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, alianguka katikati ya uwanja mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Alikuwa na miaka 28, na uchunguzi ulionyesha alikuwa na moyo wenye msuli ulionenepa. Huyu alikuwa amecheza Ligi Kuu ya Uingereza. Nguvu za nje hazikumaanisha usalama wa ndani.

Hapa nyumbani, Desemba 2016, Ismail Mrisho Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza alianguka kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, katika ligi ya vijana chini ya miaka 20. Alikuwa amefunga bao katika mchezo huo dhidi ya Mwadui. Alifariki siku hiyo. Wazazi wengi waliziona picha zake kwenye simu zao, wakasikitika, wakaendelea na shughuli.

Wapo pia waliorudi. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka akiichezea Bolton jijini London Machi 17, 2012. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na watu waliendelea kumkandamiza kifua muda wote huo. Aliishi, ingawa aliacha mpira. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Juni 12, 2021, akapewa huduma pale pale kwenye nyasi, akawekewa kifaa kifuani kinachoushtua moyo ukikosea, na mwaka uliofuata alikuwa anacheza tena Uingereza.

Tofauti haikuwa bahati peke yake. Kwa Muamba na Eriksen, waliokuwa karibu walianza kukandamiza kifua mara moja.

Moyo unaoharibiwa na koo

Magonjwa ya kurithi ndiyo yanayotajwa sana kwa sababu huwapata watu maarufu. Lakini kwa mtoto wa Msowero, Rudewa au Mikumi kuna njia nyingine ya moyo kuharibika, inayoanza na kitu kidogo kama koo kuuma.

Bakteria fulani wa koo wasipotibiwa, mwili wa mtoto hupigana nao, kisha kwa baadhi ya watoto mapigano hayo yanahamia kwenye viungo vya mwili na moyo. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, mtoto anapata homa, goti linavimba, linapona, kiwiko kinafuata. Wazazi husema anakua, au ameanguka shuleni. Homa inaondoka, lakini milango ya moyo inaweza kubaki na makovu. Miaka inapita. Anafika kidato cha tatu na hawezi tena kupanda kilima na ndoo. Wasichana hugundulika wakati mwingine wakiwa tayari ni wajawazito, moyo ukishindwa kubeba mzigo wa watu wawili.

Umri unaoshambuliwa zaidi ni miaka 5 hadi 15. Dawa ya kuzuia ni ya bei ndogo na ya zamani: penisilini. Mtoto mwenye koo linalouma na homa, hasa bila mafua wala kikohozi, apelekwe zahanati badala ya kununuliwa vidonge viwili vya maumivu. Akitibiwa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, homa hiyo ya viungo inaweza kuzuiwa. Aliyekwisha kuipata huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na kuikosa miezi michache kwa sababu "amepona" ndiko kunakorudisha ugonjwa.

Ndiyo maana swali la mbio lisiulizwe kwa wavulana wa mpira tu. Msichana anayechota maji bondeni, anayepalilia mahindi kutwa, anayesukuma baiskeli yenye gunia, naye yuko mazoezini. Hana kocha wa kumwona akisimama. Akisema "nachoka siku hizi", muulize wakati gani, na kama zamani alifika bila kupumzika njiani.

Wiki inayofuata

Kijana wa mfano wetu anatakiwa kufanya nini? Kwanza, asicheze. Hii ndiyo ngumu, kwa sababu ana nafasi kwenye kikosi na mwenzake anaisubiri. Vijana huficha. Wengine humeza vidonge vya kutuliza maumivu kabla ya mechi na kushushia kinywaji cha kuongeza nguvu, ambacho chenyewe kinaweza kufanya mapigo yaende mbio. Mzazi akianza kwa kufoka, atafichwa zaidi. Amwambie kwamba ni wiki chache za kupimwa, na azungumze mwenyewe na kocha ili mtoto asionekane mwoga. Amuulize pia, kwa upole na wakiwa wawili, kuhusu sigara na bangi. Bangi huongeza kasi ya mapigo.

Pili, waende zahanati au kituo cha afya, na wasiseme tu "kifua kinamuuma", maana watapewa dawa ya kifua. Waseme: "Kifua kinabana akikimbia, kinaacha akipumzika, kimeanza mwezi fulani." Kama alizimia, waanze na hilo. Tabibu atasikiliza moyo, atapima presha na damu, na kama kuna shaka ataandika rufaa ya Hospitali ya Wilaya Kilosa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro.

Vipimo viwili hutajwa sana. ECG huchora umeme wa moyo kwenye karatasi. Huchukua dakika chache na haina sindano. Eko hutumia mashine kama ile ya kuangalia mimba, na huonyesha unene wa msuli na jinsi milango inavyofunga. ECG nzuri peke yake haitoshi kumfungulia uwanja kijana aliyezimia akikimbia, kwa hiyo mzazi asione aibu kuuliza kama eko inahitajika. Wanaohitaji zaidi ya hapo hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, ambako upasuaji wa milango ya moyo hufanyika. Taasisi hiyo hutuma pia madaktari mikoani kwa huduma ya tiba mkoba, hivyo inafaa kuuliza hospitali ya mkoa lini watafika kabla ya kuuza kuku kwa ajili ya nauli.

Nchini Italia, sheria iliyotungwa 1982 inamtaka kila kijana wa michezo ya mashindano apimwe, ikiwemo ECG, ndipo aruhusiwe kucheza. Katika jimbo la Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka karibu 4 kwa kila 100,000 kwa mwaka hadi chini ya 1, kati ya 1979 na 2004. Kombe la mbuzi halina daktari wa kupima wachezaji. Lina wazazi pembeni ya uwanja, na wao ndio wanaojua nani alizimia mwaka jana.

Majibu yakirudi mazuri, kijana aanze taratibu, siyo mechi nzima siku ya kwanza. Yakirudi na tatizo, wengi watahitaji dawa na kuonwa kliniki, na wengine watazuiwa michezo ya nguvu. Kwa kijana wa miaka 18 hiyo ni kama kufiwa. Apewe muda. Na kama ugonjwa ni wa kurithi, wadogo zake wapimwe pia, hata kama hawalalamiki.

Aliyetoka kuugua homa naye asikimbilie mazoezini siku ambayo homa imeshuka. Baadhi ya virusi huvimbisha msuli wa moyo, na mazoezi makali wakati huo ni hatari. Akiwa na homa asicheze. Kifua kikibana au mapigo yakienda ovyo baada ya homa, arudi kwa daktari kabla ya kurudi kwa kocha.

Akianguka

Mtu akianguka uwanjani, haitiki na hapumui kawaida, msimmwagie maji, msimkalishe, wala msimpeperushe kwa jezi. Kule kukoroma na kuvuta pumzi moja moja kama samaki aliyetolewa majini si kupumua. Alazwe chali. Mmoja apige magoti kando yake, aweke kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, mikono ikiwa imenyooka, akandamize kwa nguvu kifua kishuke sentimita 5 hivi, kisha kiachwe kipande. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mbili kila sekunde. Mwingine atafute gari, siyo bodaboda, kwa sababu kwenye bodaboda hakuna anayeweza kuendelea kukandamiza. Wabadilishane kila dakika mbili, maana inachosha haraka, na wasiache njiani mpaka aamke au wapokelewe na wahudumu wa afya. Mbavu inaweza kulia, waendelee.